Fundo Lenye Sikio

Watu walidhani Fundi Viatu anawahi mtaroni kila Jumamosi kwa sababu anautaka uenyekiti wa mtaa. Wengine wakasema ni majonzi, mwacheni. Kinyozi, ambaye duka lake hufungwa saa mbili usiku lakini mdomo wake haufungwi kabisa, alisema Fundi anatafuta jino lake la dhahabu. Fundi hakuwahi kuwa na jino la dhahabu. Wote walikosea.

Asubuhi na mapema, kabla filimbi ya Nesi haijalia, Fundi alikuwa ameshashuka mtaroni na gambuti zake, ndoo mkononi, anaokota kitu kimoja tu. Chupa anairuka. Nepi anairuka. Anaokota vifuko vya barafu. Tena si vyote, maana wauza barafu mtaani walikuwa watatu. Yeye anaokota vile vilivyofungwa fundo lenye sikio.

Fundo hilo lilikuwa la mkewe. Wenzake wanafunga tu, kaza, basi. Mama Barafu yeye anazungusha nailoni mara mbili kwenye kidole, anapitisha mkia, anavuta, juu panabaki kijisikio ambacho mtoto anakishika ili vidole visigande. Mtoto mwenyewe hana habari ya kufungua. Anang'ata kona ya chini, anafyonza mpaka rangi iishe, anatupa. Kwa hiyo kifuko kinaanguka chini kitupu lakini fundo liko vilevile kama lilivyotoka jikoni. Ukikikuta hata ndani ya tope unajua kimetoka nyumba gani. Ni kama sahihi.

Mvua zilizopita mtaro uliziba pale kwenye kalavati, lile bomba la zege linalopita chini ya barabara. Maji yakapanda, yakamchukua binti yao wa mwisho akitoka chekechea. Miaka mitano. Mtaa mzima ulimwita Sisimizi kwa sababu hakuwahi kutembea mikono mitupu, lazima abebe kitu, hata kama ni kijiti. Maji yaliposhuka, vijana wakaingia kuzibua. Wakatoa godoro, wakatoa tairi, matambara, nepi, na nailoni za kila rangi. Fundi alikuwa amesimama palepale. Katikati ya zile nailoni akaona masikio. Si moja, si mawili.

Hakumwambia mtu. Alijiambia jambo moja tu: mke wangu asijue. Amezika mtoto, inatosha, asizikwe na yeye. Na tangu kazi ya kusafisha mtaro ianze, hajakosa Jumamosi hata moja.

Tatizo lilikuwa pa kuvipeleka. Ukivitupa kwenye pipa la mtaa, vitaonekana. Ukichoma, nailoni inanuka mpaka nyumba ya tano. Basi akawa anavisuuza, anavianika nyuma ya kibanda chake cha kazi, halafu anavishindilia ndani ya viatu vya wateja ili visipoteze umbo. Wenzake wanashindilia magazeti. Mteja akija, Fundi anavitoa haraka chini ya meza, anampa kiatu chake, na vile vifuko vinahamia kiatu kingine. Mwaka mzima hivyo. Viatu vya mtaa mzima vilipita pale vikiwa vimebeba siri ya nyumba moja.

Viatu vya watoto tu ndivyo alivyoacha kushona. "Peleka kwa mwingine," anasema, bila kuinua uso. Watu wakaelewa, au wakadhani wameelewa.

Nesi alikuwa mstaafu, mwembamba, filimbi shingoni na sauti ya wodini. Yeye ndiye aliyeanzisha usafi wa Jumamosi, na yeye ndiye aliyeleta sheria ya kurudisha: taka ikijulikana ni ya nani, haiendi kwenye pipa, inarudi mlangoni kwa mwenyewe.

"Haya, nywele na wembe," akasema Jumamosi moja, gunia limemwagwa barabarani. "Za nani hizi?"

"Nywele hazina jina, Nesi," Kinyozi akajibu.

"Hizi zina jina, na jina lenyewe linaongea sana. Beba."

Watu wakacheka. Kinyozi akabeba, huku anaapa kwamba nusu ya nywele zile ni za Nesi mwenyewe, zimekatika kwa hasira.

"Nepi. Mama Pacha."

"Jamani, wako wawili, mnataka nifanyeje?"

"Nataka ufanye ulichofanya kabla hujawazaa. Ubebe."

"Hivyo vipande vya mpira vyangu," Fundi akawahi kabla hajaitwa. Daima aliwahi. Aliona akikubali vidogo haraka, hakuna atakayetafuta vikubwa.

Nesi akasimama, mikono kiunoni. "Sasa mnaona? Wauza barafu wako watatu. Wawili nimewajazia mlango. Mama Barafu, mwaka mzima, hata kimoja! Nyumba ina msiba wake, lakini usafi hawakuuacha. Muigeni."

Mama Barafu alikuwa pembeni na jagi la maji ya wafanyakazi. Akainamisha kichwa. Pale mlangoni kwake kulikuwa na debe, na mtoto akirudisha vifuko kumi anapewa barafu ya bure. Yeye aliamini lile debe linafanya kazi. Ukweli, debe lilikuwa linashika vitatu vinne kwa siku, vingine vyote vinakwenda na upepo kama vya wenzake. Lakini zile sifa ndizo kitu pekee alichopewa mwaka ule ambacho hakikuwa pole.

"Asante, Nesi," akasema, na akatabasamu. Fundi akatazama gambuti zake.

Mchana ule nyumbani Mama Barafu ndiye aliyeanzisha maongezi, jambo ambalo lilikuwa halijatokea siku nyingi.

"Nesi anataka niende kwa wale wenzangu wawili niwafundishe. Debe, barafu ya bure, utaratibu wote. Mimi! Mwalimu!"

"Achana nao," Fundi akasema.

"Kwa nini niachane nao?"

"Biashara ni yao."

"Mtaro ni wa wote." Akaweka sahani mezani kwa nguvu kidogo. "Mtoto wa mtu mwingine asije akapatwa na yaliyotupata. Wewe hutaki hilo?"

Binti yao mkubwa, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, akaacha kutafuna. Habari za mdogo wake zilikuwa haziguswi mezani.

"Nataka," Fundi akasema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka tu: "Hivi kwa nini usiuze kwa vikombe? Mtoto anakunywa palepale, anarudisha."

"Vikombe nitanunua na nini, na ushauri wako? Ada ya mtihani ya huyu inatoka kwenye friji lile. Na barafu kwenye kikombe ni maji tu, baba watoto. Watoto wanapenda kushika sikio."

"Sawa," akasema Fundi.

"Hivi una nini siku hizi? Nikisifiwa wewe ndiyo unanuna."

"Sinuni."

"Basi huo uso uazime wa kwingine."

Binti akacheka, na mama yake akacheka, na Fundi ikabidi acheke. Walipomaliza hakuna aliyeondoka mezani haraka.

Jumatano Fundi alikwenda mjini kununua soli na gundi. Alimwambia binti akae kibandani, apokee kazi, asikabidhi kitu. Lakini Nesi akaja. Alikuwa na kikao ofisini kwa watu wa manispaa kuomba lori la taka, na viatu vyake vyeusi vya heshima vilikuwa pale rafuni, vimeshashonwa, vinang'aa.

"Baba kasema nisikabidhi, Nesi."

"Baba yako anadhani nitavila? Mwanangu, hao watu wananisubiri. Nikiingia na hizi ndala watanipa toroli badala ya lori."

Binti akampa. Nesi akaondoka navyo kwenye mfuko, akafika mlangoni mwa ofisi, akainama kuvaa. Mguu ukagoma. Akaingiza vidole, akavuta. Kikatoka kifuko. Akavuta tena, vikatoka vinne vimeshikana. Akavuta mpaka kiatu kikawa kitupu, akahamia cha pili, pale kwenye ngazi, watu wanampita, mlinzi anamtazama bibi mzima anatoa nailoni kwenye viatu kama mfanya mazingaombwe. Kila kimoja kina sikio. Kila kimoja kimeng'atwa kona.

Aliingia kikaoni akiongea vibaya, na lori hakupewa. Njiani akirudi alikuwa na neno moja kichwani: amenifanya mjinga. Alidhani ni ujanja wa biashara. Alidhani Fundi anaficha taka za mkewe ili wale wengine wawili waaibike peke yao. Mtu aliyefanya kazi wodini miaka arobaini hapendi kudanganywa, maana kadanganywa sana. Hakumtafuta Fundi pembeni. Alisubiri Jumamosi.

Jumamosi gunia likamwagwa kama kawaida. Kisha Nesi akafungua mfuko mwingine, akamwaga juu yake.

"Hivi navyo vya nani?"

Kinyozi akainama. "Ah! Mama Barafu! Hatimaye umetua duniani pamoja na sisi." Akacheka. Akaona amecheka peke yake.

"Vimetoka wapi?" Mama Barafu akauliza. Alikuwa na jagi.

"Muulize mumeo," Nesi akasema. "Vimetoka kwenye viatu vyangu. Mwaka mzima anawahi hapa kabla yetu, tunamsifu, kumbe anapepeta. Za wengine zibaki, zako zifichwe. Fundi, nimesema uongo?"

Fundi akafungua mdomo. Angeweza kusema ndiyo, ni biashara, nisameheni, na mambo yangeishia kwenye aibu ya siku mbili tatu. Alikuwa karibu kabisa kulisema. Lakini Mama Pacha alikuwa na ndoo ya nepi mkononi na mwaka mzima wa kuchekwa moyoni, na maneno yakamtoka kabla hajayaangalia.

"Kwa hiyo hata ile siku ya mafuriko, mle kwenye kalavati..."

Akaweka mkono mdomoni, mkono wenye matope.

Mama Barafu aliweka jagi chini taratibu, akaokota kifuko kimoja, akakishika sikio, akakitazama kama mtu anayesoma barua. Kisha akamtazama mumewe. Akaona uso wake, na ule uso ukamjibu. Akageuka akaenda nyumbani, na jagi akaliacha barabarani.

Hakulia. Alichomoa waya wa friji ukutani.

"Mama, zitayeyuka," binti akasema.

"Ndiyo kazi ya barafu."

Fundi alikaa kwenye kigoda na gambuti mguuni, matope yanadondoka sakafuni. Siku nyingine angefokewa.

"Tangu lini?"

"Mama watoto..."

"Tangu lini, nimekuuliza."

"Tangu tuzike."

"Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi."

"Na mimi nikisifiwa pale mbele za watu, wewe umesimama unaniangalia."

"Nilitaka upumzike."

"Nipumzike?" Akavuta kiti, lakini hakukaa. "Ungenifokea. Ungenifokea siku moja tu, tukalia, tukagombana, yakaisha. Wewe umenihukumu kila wiki, kimya, halafu unarudi hapa unakula chakula changu."

"Sijakuhukumu hata siku moja! Nilitaka usijue."

"Nisijue nini?"

Fundi akafuta tope kwenye gambuti kwa kiganja.

"Sema. Nisijue nini?"

"Mle ndani kulikuwa na godoro," Fundi akasema. "Kulikuwa na tairi. Nepi za mtaa mzima. Hakuna anayejua ni kitu gani kiliziba."

"Basi kwa nini hukuficha godoro?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mgongo ukutani. Chini ya friji maji yalianza kutoka, mekundu kwanza, kisha ya machungwa, yakafuata ufa wa sakafu.

"Mtu hafichi kitu asichokiamini," Mama Barafu akasema. Akashusha pumzi. "Mimi sikukuuliza kuhusu kandambili."

Fundi akainua kichwa kama aliyepigwa.

Siku tatu kabla ya ile mvua, mkanda wa kandambili ya Sisimizi ulikatika. Akaileta mwenyewe kibandani, ameibeba kwa mikono miwili kama mteja wa maana. "Fundi, nishonee." Baba yake akacheka, akaiweka pembeni. Kesho, mama, hiyo kazi ya dakika tano tu. Kesho yake kulikuwa na viatu vya watu. Kesho kutwa hivyohivyo. Siku ya tatu mtoto akaenda chekechea na kandambili za dada yake, ndefu kama mitumbwi, na maji yalipokuja wenzake walikimbia.

"Sikukuuliza makaburini," mkewe akasema. "Sikukuuliza tuliporudi. Mpaka leo sikukuuliza. Na ile kandambili sikuificha kwa sababu ya watu, niliificha usije ukaikuta kwenye meza yako. Lakini sikuwahi kukuangalia hivyo ulivyoniangalia mimi leo pale barabarani. Sikuwahi."

Binti akatoka nje, miguu mitupu, akikanyaga yale maji ya rangi.

Nesi alikuja kwa Mama Barafu Jumatatu, bila filimbi.

"Mwanangu, nimekosa. Nilidhani ni mambo ya biashara."

"Hujakosa, Nesi. Sheria si ni kila kitu kirudi kwa mwenyewe?"

Nesi alikuwa amewapa watu habari mbaya miaka arobaini. Alikaa kidogo, akaomba maji, hakuyanywa, akaondoka.

Friji likauzwa. Ile pesa ndiyo iliyomalizia ada ya mtihani, kwa hiyo hakuna aliyeweza hata kulalamika. Mama Barafu akawa anafulia watu nguo, na jina halikubadilika. Mtaa ukikupa jina ndiyo umekupa. Na Jumamosi akawa anashuka mtaroni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Anaanzia juu, kwenye duka la Kinyozi. Mumewe anaanzia chini, kwenye kalavati. Nyumbani waliongea kwa kupitia binti. Mwambie baba yako chai ipo. Mwambie mama yako nimeshakunywa. Binti naye akachoka: "Mimi nina mtihani, nyinyi mnanifanya simu."

Mtaro ulikuwa msafi kuliko siku zote. Lori nalo lilikuja, mara ya pili Nesi alipokwenda kuomba. Sheria ya kurudisha haikutajwa tena. Hakuna aliyeifuta, ila kila gunia likimwagwa watu wanaangalia pembeni, wanazoa vyote pamoja haraka.

Mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya, Jumamosi moja, Kinyozi alikuwa anavuta tope kwa reki pale katikati. Reki ikaleta mzizi, na kwenye mzizi kimenasa kifuko. Cha zamani, kimepauka. Kina sikio.

Kinyozi akatazama juu, akatazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu aijue dunia hakuwa na utani. Akakitia mfukoni mwa suruali.

"Umeokota nini?" Mama Barafu akauliza. Alikuwa karibu kuliko alivyodhani.

"Nywele tu, dada."

"Nywele hazina sikio. Lete."

"Dada, achana nacho bwana, ni..."

"Lete, shemeji."

Akakitoa. Makoleo yakanyamaza, juu mpaka chini. Fundi alikuwa ameshaona; alikuja akipasua maji kwa gambuti, akasimama hatua mbili kutoka kwa mkewe. Wiki sita walikuwa hawajasimama karibu hivyo mchana.

"Hicho chetu," akasema. "Mama watoto. Hicho ni chetu wote."

"Hapana." Hakusema kwa hasira. "Hiki changu. Chako kipo nyumbani. Chini ya kitanda, upande wangu, kwenye mfuko mweusi."

Akaanza kulifungua lile fundo. Lilikuwa gumu, limekazwa na maji na mwaka mzima, ikabidi atumie kucha. Aliwahi kufunga maelfu. Hakuwahi kufungua hata moja. Watu wakamwacha, wakarudi kwenye makoleo yao polepole, kwa adabu.

Fundi akapanda kutoka mtaroni.

Aliingia chumbani na gambuti zake. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akaupata mfuko mweusi. Kandambili zilikuwa zote mbili, nzima na iliyokatika, ndogo kuliko alivyokumbuka. Unyayo wa vidole vitano ulikuwa bado umechorwa kwenye mpira.

Akazipeleka kibandani. Akasogeza viatu vya watu pembeni, akatazama saa ya ukutani. Akakata kipande cha mpira, akatoboa, akapitisha uzi uleule mnene anaotumia kwenye mabuti ya mafundi ujenzi, akavuta, akafunga, akaukata kwa meno. Akavuta mkanda kwa nguvu kujaribu. Umeshika. Huko chini reki zilikuwa zinakwaruza zege, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati la kibanda.

Akainua macho tena kwenye saa.

Dakika tatu.